Ng'ombe wa baiti saba na ng'ombe wa baiti tisa

Ninadai kwamba mwanafunzi wa lugha anayemaliza masomo yake bila kujua kutazama baiti za faili lake bado hajajua kusoma matini. Najua dai hili litawaudhi baadhi ya walimu wangu, na wenzangu wa oditwari wataniuliza kama nimehamia kwa watu wa informatiki. Sijahama. Niko bado upande wa irabu, toni na fasihi simulizi, na ni kwa ajili ya vitu hivyo ninaandika.

Chukua neno ng'ombe. Liandike kwa simu ya kawaida, kisha liandike tena ndani ya Word kwenye mashini ya sekretariati yoyote hapa Katindo, ambayo mara nyingi imewekwa Kifaransa. Chapisha maneno yote mawili kwenye karatasi. Katika moja ritifaa imesimama wima, katika lingine imepinda kama koma iliyopanda juu. Hakuna msomaji atakayesema haya ni maneno mawili. Sasa hifadhi kila moja katika faili la maandishi matupu, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika xxd na jina la faili. Utapata hivi:

00000000: 6e67 276f 6d62 65      ng'ombe

na hivi:

00000000: 6e67 e280 996f 6d62 65      ng...ombe

Ng'ombe wa kwanza ana baiti saba, wa pili ana tisa. Ile 27 ni ritifaa iliyonyooka, iliyomo katika ASCII tangu miaka ya 1960. Zile e2 80 99 ni alama nyingine kabisa, ile ya kufungia nukuu, ambayo Word huiweka yenyewe pale unapobonyeza ritifaa. Jicho linaona mnyama mmoja, kompyuta inaona wanyama wawili, na programu ya kuhesabu maneno inakubaliana na kompyuta.

Kwa ambao hawajawahi kuona safu hizi, maelezo hayachukui muda. Faili lolote ni mfuatano wa namba, kila moja kati ya 0 na 255, na namba hiyo ndiyo baiti. Mfumo wa heksadesimali unahesabu kwa kumi na sita badala ya kumi: baada ya 9 unaendelea na a, b, c, d, e, f. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, kwa hiyo tarakimu mbili zinatosha kwa kila baiti, bila kuzidi wala kupungua. Safu ya kushoto inakuambia uko wapi ndani ya faili. Katikati ni baiti zenyewe. Kulia ni herufi, pale ambapo baiti inalingana na herufi ya ASCII. Pasipolingana, xxd inaweka nukta. Goma ni 47 6f 6d 61. Katindo ni 4b 61 74 69 6e 64 6f. Nafasi kati ya maneno ni 20. Baada ya siku mbili unaanza kuzitambua bila jedwali, kama unavyotambua mwandiko wa mwalimu aliyekusahihishia kazi mara nyingi.

Mwaka jana nilihudhuria utetezi wa kazi ya mwisho wa mzunguko katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mada ilikuwa nzuri. Watafiti wawili walikusanya maandishi ya vijana wa mjini ili kuona kama watu wa Goma bado wanaandika ng' kwa ritifaa au wameiacha, kwa sababu katika mazungumzo yetu wengi husema "ngombe" na "ngambo" kwa g nzito, jinsi lugha zetu za nyumbani zinavyotuongoza. Maandishi ya Ndosho yalipigwa kwa simu. Maandishi ya Katindo yalipelekwa sekretariati yakapigwa kwa Word, kisha yakageuzwa kuwa maandishi matupu. Programu ikatafuta n, g, ritifaa iliyonyooka. Ndosho ikaleta mifano kwa wingi. Katindo ikaleta sifuri.

Mtu anaposoma sifuri anapaswa kusimama. Hawakusimama. Tulisikiliza kurasa nne za nadharia juu ya sifuri ile: kwamba Katindo iko karibu na ofisi na mashirika, kwamba Kifaransa kinatawala pale, kwamba nazali ya kaakaa laini imekufa mtaani kwetu. Mimi ninaishi Katindo na nilikuwa nimekaa katika safu ya tatu, nazali yangu ikiwa hai. Jopo lilisifu "uthabiti wa takwimu". Mwisho wa kikao niliomba faili kwa mmoja wa watafiti, akanipa bila kinyongo, nikalitazama kwa xxd kwenye korido. E2 80 99 zilikuwa zimejaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wa Katindo walikuwa wameandika ritifaa kila mahali. Word ilikuwa imezipinda. Sijui kama kazi ile ilirekebishwa kabla ya kuwekwa maktabani. Nina wasiwasi kwamba mwaka kesho kuna mtu atainukuu.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Siyo suala la mapambo ya ukurasa. Ni dai la kiisimu juu ya watu halisi, limetolewa mbele ya jopo, na chanzo chake ni baiti tatu ambazo hakuna aliyezitazama.

Hapa wanaisimu tuna la kuongeza ambalo wahandisi hawatatusemea. Katika Kiswahili ile ritifaa ya ng' haikai mahali pa herufi iliyodondoshwa, kama ilivyo katika Kifaransa. Ni sehemu ya herufi yenyewe. Bila hiyo, sauti ni nyingine. Unicode inaijua tofauti hii: kuna alama ya tatu, ʼ, ambayo baiti zake ni ca bc, na ambayo imeainishwa kama herufi, wakati 27 na e2 80 99 zimeainishwa kama alama za uandishi. Ndiyo maana programu nyingi za konkodansi hulikata neno ng'ombe vipande viwili, "ng" na "ombe", halafu zinakuletea orodha ya maneno yenye "ombe", "ambo" na "aa", maneno ambayo hakuna bibi yeyote aliyewahi kuyasema kwa maana hiyo. Kinadharia ca bc ndiyo sahihi. Lakini hakuna kibodi mjini hapa inayoiandika kwa urahisi, na kanuni isiyoweza kufuatwa na mpiga chapa wa barabarani ni kanuni ya kwenye mkutano tu. Maoni yangu ni kwamba tushike 27 katika mafaili yote ya fakulteti, tuiambie programu iihesabu kuwa herufi, na tukague kwa xxd kabla ya kuhesabu chochote. Anayetaka ca bc aandike makala ya kunijibu, nitaisoma.

Word iliyowekwa Kifaransa ina zawadi nyingine. Kwa desturi ya uchapaji wa Kifaransa huwekwa nafasi kabla ya nukta mbili, alama ya kuuliza na alama ya mshangao, nayo ni nafasi isiyoruhusu mstari ukatike hapo. Word inaiweka hata kama unachoandika ni Kiswahili. Machoni ni uwazi mweupe kama uwazi mwingine. Kwenye xxd unaona c2 a0 mahali ulipotarajia 20. Programu inayokata maneno penye 20 pekee inaliona "nini" la mwisho wa swali kama neno lililoganda na alama yake ya kuuliza, tofauti na "nini" la katikati ya sentensi. Fikiria unachunguza maneno ya kuuliza katika Kiswahili cha Goma, halafu maswali yote yako yameganda namna hiyo.

Nikifika kwenye Lingala jambo linakuwa zito zaidi. Mwandiko wa kitaalamu una ɛ na ɔ, na toni ya juu huonyeshwa kwa alama juu ya irabu. Sasa é ina nyumba yake katika Unicode: c3 a9, herufi moja iliyokamilika, kwa sababu Wafaransa na wengine waliihitaji tangu zamani. Lakini ɛ yenye toni ya juu haina nyumba. Ni lazima ijengwe kwa vipande viwili, c9 9b kwa irabu, kisha cc 81 kwa toni. Kwa hiyo katika sentensi moja ya Lingala, toni ile ile ya juu imefichwa ndani ya herufi mara hii na imesimama peke yake mara ile. Mwanafunzi anayehesabu toni za juu kwa kutafuta alama ya toni atapata zile za ɛ na ɔ tu, na atakosa zote za a, e, i, o, u. Halafu, ili mambo yawe matamu, mashini nyingine itamwandikia é kwa vipande viwili pia, 65 cc 81, na kwenye skrini hakuna tofauti hata nywele. Kuna njia ya kusawazisha: Unicode ina mifumo ya kuunganisha na ya kutenganisha, na kwa kazi za toni nashauri kutenganisha, ili kila toni ya juu iwe cc 81, popote ilipo. Lakini kusawazisha bila kutazama kabla na baada ni kama kufua nguo gizani.

Na mara nyingi ile ɛ si ɛ. Mpiga chapa anayetafuta alama katika orodha ya Word hukutana na epsiloni ya Kigiriki, ε, anaona inafanana, anaichukua. Epsiloni ni ce b5. Ɛ ya Lingala ni c9 9b. Nimeona matini ambamo zote mbili zinaishi katika aya moja, inategemea nani alikuwa zamu siku hiyo.

Wanaosoma isimu linganishi wana kesi yao. Katika desturi ya Tervuren, ambayo wengi wetu tunaijua kupitia Meeussen, irabu za juu kabisa huandikwa kwa kamkia chini ya i na u. Unapotaka kuiandika leo una njia mbili. Kuna į, iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha kama Kilithuania, baiti c4 af. Au unachukua i ya kawaida na kuibandika kamkia kinachoelekea upande mwingine: 69 cc a7. Kwa ukubwa wa herufi za tanbihi, taa ikiwa hafifu, huwezi kujua. Ukichanganya data za watu wawili, mmoja wa Butembo na mmoja wa hapa, wote wakiandika Kinande kwa uaminifu, orodha yako ya viini itakuwa na mashina maradufu, na utatafuta maelezo ya kihistoria ya kitu kilichozaliwa kwenye kibodi.

Nimesikia pingamizi tatu, na ya kwanza ndiyo inayostahili muda. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia: "Mwanangu, sisi ni watu wa matini. Baiti waachie mafundi." Nilimsikiliza, na nikamwambia kwamba kwa kusema hivyo anakwenda kinyume na yale aliyotufundisha mwenyewe. Ni yeye aliyetueleza juu ya Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, kile kijitabu alichokiandaa André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, na jinsi Johannes Fabian alivyokichapisha mwaka 1990. Fabian hakuyasawazisha maandishi yale ya Kiswahili cha Katanga yafanane na vitabu vya shule. Aliyaacha na mwandiko wake, maneno yanayokatwa mahali pasipotarajiwa, tahajia inayobadilika, kwa sababu mwandiko ule wenyewe ni ushahidi wa jinsi watu wale walivyosikia na kuifikiri lugha yao. Darasa zima tulikubali. Sasa matini za kizazi chetu hazichapwi kwa stensili. Zinazaliwa katika simu na katika Word. Ikiwa kukatwa kwa neno mwaka 1965 ni ushahidi, basi ritifaa ya mwaka huu nayo ni ushahidi, na ni lazima tujue ni ipi iliwekwa na mtu na ipi iliwekwa na mashini. Mwanafilolojia aliyegusa hati ya ngozi alitaka kujua wino na mkono wa mwandishi. Hati yetu ni mfuatano wa baiti. Anayetazama skrini tu anatazama nguo ambazo programu imeivalisha hati.

Pingamizi la pili ni kwamba hatuna mashini wala umeme wa uhakika. Ni kweli, na ndiyo sababu chombo hiki kinatufaa kuliko vingine. Xxd iliandikwa na Juergen Weigert mwaka 1990 na husafiri pamoja na Vim. Kompyuta kuukuu yenye Linux inaiendesha bila kuhema. Ndugu yake mkubwa, od, alikuwepo katika Unix ya kwanza ya mwaka 1971, na yuko hata leo. Kwenye simu ya Android, ukiweka Termux, od unaikuta tayari: andika od -An -tx1 na jina la faili. Kwenye Windows kuna Format-Hex ndani ya PowerShell. Wenye hexdump wakumbuke kuongeza -C, maana bila hiyo, kwenye kompyuta tulizonazo, baiti zinaonyeshwa mbilimbili zikiwa zimegeuzwa: Goma inatokea kama 6f47 616d, na mgeni anadhani faili limelogwa. Hakuna intaneti inayohitajika wala leseni ya kununua. Umeme ukikatika, simu inaendelea.

Pingamizi la tatu, kwamba ni vigumu, silijibu. Watu waliomudu ngeli za Kiswahili na upatanisho wake hawawezi kushindwa na tarakimu kumi na sita.

Lakini kuna sababu moja inayozidi hizi zote, nayo inahusu kinachopotea moja kwa moja. Mwenzetu mmoja alirekodi hadithi za Kihunde kutoka kwa wazee waliotoka Masisi. Alizinakili kwa toni, kwa mkono, kisha akazipiga, na daftari likaharibika kwa maji ya mvua. Faili likabaki. Alipolifungua kwenye mashini nyingine akaona takataka: Ã© hapa, alama za kuuliza pale. Alilia. Fundi mmoja, sitasema wa wapi, alimwomba dola ishirini "kurudisha data".

Tuliketi naye tukatazama. Takataka za namna hii ziko za aina mbili, na tofauti yake haionekani ila kwenye baiti. Palipokuwa na Ã© tulikuta c3 83 c2 a9. Maana yake é ya kawaida, c3 a9, ilisomwa na programu iliyodhani kila baiti ni herufi nzima, kisha ikahifadhiwa tena kama UTF-8. Ni nguo iliyovaliwa mara mbili. Unavua ile ya juu na ya ndani ni nzima. Kwa amri moja ya iconv é zote zikarudi. Lakini palipokuwa na ɛ na irabu nyingine zisizokuwemo katika Kifaransa tulikuta 3f. Baiti moja, 3f, ambayo ni alama ya kuuliza ya kawaida. Hilo hutokea mtu anapohifadhi kutoka Word kama maandishi matupu na kuacha ule usimbaji wa Windows uliopendekezwa. Word huwa inaonya kwa maandishi mekundu, lakini nani husoma onyo saa kumi na moja jioni foleni ikiwa imefika mlangoni? Usimbaji ule hauna nafasi ya ɛ, basi inaandikwa 3f, na iliyokuwa pale haikubaki popote ndani ya faili. Hakuna fundi atakayeirudisha, hata kwa dola mia. Vivyo hivyo ukikuta ef bf bd, ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza: kuna programu ilishindwa kusoma kitu, ikakitupa, ikaweka jiwe la kaburi.

Kwa hiyo tulijua, kwa saa moja, kipi kimepona na kipi kimekufa. Yeye alijua ni hadithi zipi anapaswa kurudi kuzisikiliza upya kwenye rekodi, na kwa zile ambazo rekodi zake zilifutwa, ni wazee gani wa kutafuta. Mmoja alikuwa amekwisha fariki. Njia ya kwenda kwa mwingine mnajua wenyewe ilivyo. Dola ishirini zilibaki mfukoni, na hilo si dogo, lakini kilichoniuma ni kwamba hadithi zile zilipotea siku moja mchana, mbele ya macho ya mwenyewe, na hakuna mtu katika fakulteti nzima aliyekuwa amemfundisha jinsi ya kuziona zikipotea. Angetazama baiti jioni ile ile, daftari lilikuwa bado kavu.

Kuna na kisa cha umeme. Ukikatika wakati kompyuta inahifadhi, wakati mwingine faili linabaki na jina lake, tarehe yake na ukubwa wake ule ule, ila halifunguki. Xxd inakuonyesha 0000 0000 0000 kutoka juu hadi chini. Inauma, lakini ukiona hivyo unajua hakuna cha kuokoa ndani ya faili lile na unageukia nakala nyingine, badala ya kuzunguka mji mzima na flashi mkononi.

Ninachoomba ni kidogo. Kozi yetu ya informatiki ina masaa ya kutosha kwa pambizo, jedwali na ukurasa wa jalada. Masaa manne kati ya hayo yatolewe kwa baiti: usimbaji wa UTF-8 na sababu ya Ken Thompson na Rob Pike kuubuni mwaka 1992 jinsi walivyoubuni, ritifaa tatu, toni za vipande, na mazoezi juu ya matini za lugha zetu wenyewe. Mfano ukitolewa, utolewe kwa Kinande, Kihunde, Mashi, Lingala na Kiswahili. Tusipewe mfano wa Kifaransa ambao una nyumba yake tayari. Pili, kila kazi yenye data za lugha iwekwe maktabani pamoja na faili la maandishi matupu, na ukurasa mmoja unaosema ni ritifaa ipi imetumika, toni zimeunganishwa au zimetenganishwa, na kwamba 3f zote zilizomo ni maswali ya kweli. Jopo liruhusiwe kuuliza. Maswali tunayoulizwa sasa juu ya ukubwa wa pambizo yanaweza kupungua kidogo bila taifa kuanguka.

Kuna sanduku la mafaili ya kazi za zamani katika kompyuta ya maktaba, na mengine yameandikwa "halifunguki" kwa kalamu kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Wiki iliyopita niliruhusiwa kutazama matano. Moja lilikuwa sifuri tupu. Mawili yalianza na d0 cf 11 e0, ni Word ya zamani na yanafunguka kwa LibreOffice bila shida. Moja, lenye jina linaloishia na doc, lilianza na 25 50 44 46, ambazo ni %PDF: mtu alibadilisha jina tu, nasi tumeliandika marehemu miaka yote hii. Ni mkusanyiko wa methali. La tano bado sijalielewa. Linaanza na 4c 00 00 00, dalili ya njia ya mkato ya Windows, kwa hiyo huenda virusi vya flashi vililificha faili lenyewe na kuacha kivuli, na lenyewe labda liko bado katika diski ile. Nimeomba ruhusa ya kutafuta Jumatano mchana, umeme ukiwepo. Anayetaka kuja aje na simu yenye Termux.